Mwaka wa Ngozi Nyingi

Kilonzo alizikwa Nuu, nyuma ya duka lake, Jumamosi moja yenye jua kali hata mchungaji akafupisha maombi. Nilikuwa nimetoka Kalamba siku iliyotangulia, nikalala kwa watu, nikafika mapema. Baada ya mazishi walinikaribisha nikae na wazee. Nikawashukuru, kisha miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mwisho wa benchi, upande ambao upepo ukivuma hautoki kwangu kwenda kwa wenzangu. Nina zaidi ya miaka sabini sasa. Sijashika ngozi mbichi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na binti yangu huniletea sabuni yenye harufu ya maua ambayo nadhani ingemtosha bibi harusi. Lakini nipeleke Nuu, nitakaa mwisho wa benchi. Mjukuu mmoja wa marehemu, msichana wa chuo, aliniletea sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na nyama, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyekuwa nikienda na punda kule chini kumnunulia babu yake ngozi. Nikamwambia ni kweli. Akatoa simu, akafungua ramani, akaanza kuisukuma kwa kidole kuelekea mashariki. Barabara zikaisha, majina yakaisha, ikabaki rangi moja tu, kama mtu aliyepaka ukuta akachoka. "Huku si hakuna kitu, babu?" akauliza. Nikamwambia kuna kitu. Kabla sijamwambia ni nini akaitwa kugawa soda, nami nikabaki na sahani yangu nikitafuna polepole, maana meno ya nyuma yalishaniaga.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katika miaka ya sabini, mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mgeni pale Nuu, sina shamba wala mtu wa kunisubiri jioni. Kilonzo alinipa kazi na chumba siku ile ile niliyofika. Chumba kilipakana na banda la ngozi, ukuta wa mabati katikati, na kitanda changu kiliegemea ukuta huo. Upande wa pili ngozi za mbuzi ziliwambwa kwenye fremu za miti, zimevutwa kwa kamba za katani pande zote, zikikauka kivulini. Ngozi ikianikwa juani hukakamaa na kupasuka, na wanunuzi wa Nairobi huitupa pembeni bila hata kuuliza imetoka wapi. Harufu yake huwezi kuizoea, unachoka tu kuipigia kelele. Iliingia kwenye blanketi, kwenye shati la kanisani, kwenye chai. Kanisani nilikuwa nikikaa, na benchi lililojaa linapata nafasi ghafla. Hakuna aliyenitukana. Wakamba ni watu wa heshima, mtu anasogea huku anaimba, macho yakiwa kwenye kitabu cha nyimbo. Mke wa Kilonzo alinipikia kila siku bila kukosa, lakini bakuli langu aliliweka juu ya pipa lililokuwa nje, akalifunika kwa sahani, akabisha hodi na kuondoka. Nilikuwa nikifungua mlango, namkuta tayari yuko mbali, anajipepea kwa leso.

Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza baada ya safari, nikawasikia Kilonzo na mkewe bandani wakifunga ngozi mizigo mizigo. "Huyu kijana wako anatembea sana," mke alisema. "Mtu mwenye nyumba hawezi kutembea hivyo." Kilonzo akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Ndiyo maana nilimchukua. Mwenye nyumba jioni ikifika anataka kurudi. Huyu jioni ikifika anauliza mbele kuna nini." Mke akavuta kamba, ikalia kwenye mikono yake. "Na siku akipata nyumba?" Kilonzo akajibu, "Siku hiyo nitatafuta mwingine." Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanaongea juu yangu kama watu wanavyoongea juu ya panga zuri. Nililala nikitazama misumari ya paa, nikaona uchungu ambao sikuwa nimeuona hata siku niliyotoka kwetu. Kumbe sifa yangu kubwa pale Nuu ni kwamba sikuwa na mtu. Nikageukia ukuta, nikajaribu kulala tena.

Biashara ya ngozi ina jambo ambalo wafanyabiashara hawalisemi mbele za watu. Mwaka mzuri hakuna ngozi. Mbuzi wananona, hakuna anayechinja ila kwa sherehe, na mnunuzi anazunguka wiki nzima akirudi na mzigo wa kuona aibu. Mwaka mbaya ngozi zinakuja zenyewe. Mwaka ule zilikuja mpaka banda likajaa, tukazirundika hata chini ya kitanda changu, na nyingi zilikuwa za mbuzi waliojifia, ambazo unazijua kwa shingo isiyo na alama ya kisu na kwa mishipa myeusi inayobaki ndani yake. Karibu na Nuu wanunuzi walikuwa wengi. Kilonzo akataka twende pasipokuwa na mtu, mashariki, kuelekea mto Tana, ambako alisikia kuna maboma ya watu na mifugo lakini hakuna aliyewahi kupeleka punda. Hakukuwa na ramani ya maana. Ile iliyokuwa ofisini kwa chifu ilionyesha shule ya mwisho, na baada ya shule ya mwisho ilionyesha karatasi. Nikatumwa na punda wawili, chumvi, sukari, majani ya chai na ugoro wa kubadilishana, nitafute njia yenye maji.

Sasa nikisikia vijana wakisema wanataka kusafiri wapate kujijua, nacheka. Mimi nilijijua mpaka nikachoka. Nchi ile ni tambarare, miiba na udongo mwekundu, na mchana hakuna kinachosogea isipokuwa wewe. Niliongea na punda. Mwanzo niliwaambia mambo ya maana, baadaye niliwaambia chochote, kisha nikaanza kuwajibia. Nikifika kwenye boma watoto walikimbilia mama zao, na mama zao walisimama mlangoni wakiwatazama mbuzi wao waliobaki, kana kwamba nimekuja kuwachagua. Walikuwa wanajua kazi yangu. Mtu wa ngozi akitokea kwenu mwaka wa njaa, hata akisema habari za asubuhi, unasikia kitu kingine. Waliniuzia walichokuwa nacho, wakanipa maji kama yapo, na nilipoondoka sikuwahi kusikia mtu akisema karibu tena. Niliandika njia ile miguuni mwangu tu, kilima hadi kilima, kithima hadi kithima. Kithima ni kisima kinachochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, na kila kithima kina mwenyewe.

Kithima cha mwisho kilikuwa cha Mzee Mwinzi. Baada yake hapakuwa na tone la maji ambalo mtu yeyote angeweza kuniambia habari zake, kwa hiyo bila ruhusa ya Mwinzi hakuna njia, na bila njia sina kazi. Alikuwa mzee mrefu mwenye masikio ya kizamani, yaliyotobolewa, naye aliniacha nisimame juani muda mrefu akiniuliza ukoo wangu, kabla ya kuniambia, "Kunywa. Kisha punda. Kisha ufunike." Hakutaka malipo. Maji ya kithima hayauzwi. Mke wake, mama mdogo mkavu mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye, ndiye mtu wa kwanza katika safari zile aliyekaa karibu nami. Alikaa pale pale ubavuni, akanusa, akasema, "Eh, mwanangu, wewe unanuka kama ng'ombe aliyekufa akiwa na deni," akacheka mpaka akashika mbavu, akanipa uji. Kila nilipopita nilimkuta na neno la kunitania. Nilianza kuharakisha punda nikikaribia kwao. Sikuwahi kuona kijana wala msichana pale, na niamini, kijana wa Kikamba hilo ndilo jambo la kwanza analolitazama. Nilijua wana mifugo michache iliyopelekwa mbali kwenye malisho, basi.

Katika safari moja, jua likiwa limekausha hata majani ya miiba, niliwakuta wazee wale wamebadilika. Mama hakusimama kunisalimu. Uji haukuwepo. Mwinzi alinionyesha kithima kwa mkono tu. Nilichota, nikaendelea, na kesho yake nikakutana na Abdullahi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, akisukuma kundi la mbuzi kuelekea barabara kuu. Tulikuwa tumekutana mara kadhaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, nyama yangu hakuigusa kwa sababu hakujua nani aliichinja, lakini chai tulikunywa pamoja, na chai ya watu wawili nchi ile ni karamu. Nyuma ya kundi lake walijikokota mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja anayechechemea. "Hawa hawafiki sokoni," akasema. "Nipe sukari na majani, wachukue." Nikawachukua. Nuu wasingefika vile vile, lakini kwa Mwinzi wangefika. Nilikuwa nimekunywa maji yake miezi na miezi. Niliwaza mama yule apate maziwa kidogo, na nikageuza punda nikarudi.

Mwinzi alikuwa amekaa kivulini mwa ghala lake lisilo na nafaka. Alipoona ninachosukuma akasimama, akajifunga shuka vizuri.

"Umekuja na mbuzi tatu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na beberu yuko."

"Yuko. Anachechemea mguu, lakini ni mzima."

"Umetumwa na mtu, ama umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Nimewaleta kwenu."

Akanitazama sana. "Na nia yako ni gani?"

"Nia njema, baba. Nia njema tu."

Akainamisha kichwa. "Basi nimesikia. Nimepokea." Nikaona ameguswa, nami nikaguswa. Nikawafunga mbuzi penye kigingi alichonionyesha, nikaenda zangu nikijiona mtu wa maana. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa nami siku hiyo.

Nilirudi baada ya mwezi hivi. Nilikuwa bado mbali kidogo nilipomwona mama akija njiani na kibuyu. Nikafurahi, nikainua mkono, nikaita, "Mwaitu!" yaani mama. Yeye aliponiona akavuta leso akafunika uso, akaacha njia, akaingia vichakani mbio, kibuyu kikimpiga mgongoni. Nilisimama. Hata punda walisimama. Mtu pekee aliyekuwa akikaa karibu nami katika nchi nzima alikuwa amenikimbia, nami nikajinusa shati kama mjinga. Nikafika bomani mnyonge. Mwinzi akanijia kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, akasema, "Karibu, muthoni." Muthoni ni mkwe. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwetu mwanamke humkimbia mtu mmoja tu kwa namna ile, akafunika uso na kuacha njia kwa heshima, naye ni mume wa binti yake.

Kwa asiyejua, kwetu mwanamume akipeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, beberu mmoja na majike wawili, hiyo ni ntheo. Mahari yenyewe inaweza kungoja hata miaka kumi, lakini ntheo ikishaliwa msichana ni mke. Bila ntheo unaweza kukaa na mwanamke mpaka mzeeke, na akifa huna ruhusa ya kumzika. Kabla beberu hajachinjwa binti huitwa, akaulizwa mbele ya watu kama waile. Akisema mle, wanakula, na neno limekwisha. Nilimtazama Mwinzi, nikatazama kile kigingi. Majike wawili walikuwa pale, wamepona kidogo. Beberu hakuwepo. Ngozi yake ilikuwa imewambwa ukutani, vizuri kabisa, kivulini, jinsi mimi mwenyewe nilivyowafundisha.

Nikaomba niende kunywesha punda. Kithimani nilimkuta msichana ndani ya shimo, anachota maji kwa kata na kumimina kwenye mtungi. Alikuwa na umri kama wangu, mkavu kama mama yake, mwenye macho yasiyoogopa. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Wewe ndiye wa ngozi," akasema.

"Ndiyo. Naitwa Nzioka."

"Mimi ni Kavata. Nilifikiri wewe ni mzee."

Nikaona afadhali niliseme lote kabla ulimi haujanikimbia. "Kavata, mimi sikujua kuna msichana hapa. Zile mbuzi zilikuwa za maji. Nilitaka mama apate maziwa."

Hakushtuka. Aliendelea kuchota. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kwani mimi ni mjinga? Mtu anitolee ntheo na hajaniona? Baba alituma mtu aniite nitoke malishoni. Kufika, nikapata mama amelala, hata kuongea hawezi. Siku hizo walikuwa wanachemsha majani ya msituni. Na beberu amefungwa hapo, anakula ukuta. Baba hawezi kuchinja mbuzi ya mtu mwingine. Angekufa akiiangalia. Lakini ya mkwe anaweza. Basi akaniita, akaniuliza vile inatakiwa, Kavata, tule? Wewe ungesema nini?"

Niliwavuta punda nyuma wasikanyage ukingo wa shimo.

"Mimi nilisema mle," akasema, akainua mtungi akauweka ukingoni. "Mama alikula supu siku tatu. Sasa unamwona anakimbia."

Nimefikiria maneno yale miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nimejihurumia mwaka mzima, mimi na punda wangu na benchi langu, na hapa alikuwa amesimama mtu aliyeulizwa swali kubwa kuliko yote ya maisha yake huku mama yake akikata roho nyuma ya mlango, akajibu, kisha akarudi kuchota maji. Nikamwambia naweza kumweleza baba yake ukweli. Macho yakamwaka. "Umwambie amekula sadaka ya mtu wa ngozi? Mwambie basi, uone kama atakula tena."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nifike Nuu. Nikamwambia kweli tupu. Kwamba sijui. Kwamba nimeongea na punda mpaka mtu akinitaja jina nashtuka. Kwamba kuitwa muthoni kulinifurahisha kabla ya kuniogopesha. Hapo akacheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake, kikubwa kuliko mwili. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepanga mawe, "Mwambie baba beberu alikuwa kiwete, na wewe ulikuja bila mzee wa kukusemea. Mwambie unataka kurudia vizuri mvua ikinyesha, na mbuzi zingine, mbele ya mzee. Atafurahi. Na siku hiyo nitaulizwa tena."

"Na utasema nini?"

"Sijui," akasema. "Lakini nitajibu nikiwa nimeshiba."

Nikaenda nikamwambia Mwinzi hivyo hivyo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Beberu alikuwa kiwete kweli," akasema. "Nikajiambia mwaka huu hata sisi ni viwete. Lakini umesema vizuri. Rudi na mvua." Akanipa mkono, na mama akakohoa nyuma ya ghala kunijulisha kwamba amesikia.

Mvua ilikuja mwisho wa mwaka. Ilianza mchana, mimi nikiwa chumbani, ikapiga mabati mpaka sikuweza kusikia mawazo yangu, na soko lote la Nuu likatoka nje kusimama ndani yake. Kilonzo peke yake alinuna, maana alijua ngozi zimekwisha. Mimi nilikuwa na nyumba kichwani. Wakati wote wa kusubiri nilikuwa nimeijenga, nikaiezeka, nikaweka mlango upande wa asubuhi, nikaweka benchi fupi ambalo watu wawili hawawezi kukaa mbalimbali hata wakitaka. Kavata nilikuwa nimemwona saa moja tu ya maisha yangu, lakini nilishajua anavyonikaripia. Nikanunua mbuzi watatu sokoni, nikawakagua kwato moja moja. Mke wa Kilonzo alinifulia shati kwa mikono yake, akaliweka mkononi mwangu, si juu ya pipa. "Sasa unakuwa mtu," akasema. Kilonzo alilalamika kwamba ninamharibia kazi, kisha akaitangaza habari ile kwa kila aliyepita dukani, na habari ilinitangulia njiani. Nilipopita na mbuzi wangu wanawake walitoka mabomani wakapiga vigelegele. Wale wale waliokuwa wakificha mbuzi. "Nzioka, leo ni wewe unapeleka ama ni mbuzi zinakupeleka?" Nilicheka mpaka mashavu yakauma. Niliambiwa karibu tena, kila boma.

Jirani mmoja wa Mwinzi, mzee mtaratibu, alikubali kunisemea. Boma lilikuwa kijani. Kulikuwa na maziwa kwenye vibuyu, na kunde, na ndama mmoja mwenye wazimu akirukaruka. Mama alikuwa amejificha nyuma ya ghala kama inavyompasa, lakini nilimsikia akicheka. Tulikula kwanza. Mzee akasema maneno yake yote, akayazungusha vizuri. Kisha Mwinzi akaita, na Kavata akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa. Sijawahi kuona mtu mzuri namna ile, na nasema hivyo nikiwa mzee aliyeoa baadaye, akapendwa, akamzika mkewe kwa machozi ya kweli.

"Kavata," Mwinzi akasema, "hizi mbuzi tuzile?"

Aliwatazama mbuzi. Kisha akanitazama mimi, bila haraka, bila ubaya wowote usoni.

"Msizile, baba."

Mzee aliyenisemea akajikohoza. Mwinzi akauliza tena, maana mtu anaruhusiwa kufikiri mara ya pili. "Umesikia swali?"

"Nimesikia. Msizile."

Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna nyasi za paa. Mwinzi alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa mbele ya mgeni. "Umesikia mwenyewe, mwanangu. Basi wale wawili wa kwanza wachukue, na beberu nitalipa."

"Waache, baba," nikasema. Sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. "Wale hawakuwa wa Kavata. Walikuwa wa maji."

Alinitazama kwa muda mrefu, na niliona akirudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka siku ile ya kigingi. "Kumbe," akasema. Hakukasirika. Watoto wa mbuzi walikuwa wakilia nyuma yake na tumbo lake lilikuwa limeshiba, na aliweza kulibeba neno lile sasa. "Kumbe ndivyo. Basi maji ni yako. Siku zote."

Kavata alinifikia kithimani nikijaza vibuyu. Alishika kimoja akanijazia.

"Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Unadanganya."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu mzuri, Nzioka."

"Mtu mzuri, halafu?"

Akafikiria, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Halafu hakuna," akasema, akanikabidhi kibuyu. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Niliikasirikia mvua.

Nikafunga mizigo. Njia ya Nuu ilikuwa magharibi, na juu yake yalikuwa yale maboma yote yaliyonipigia vigelegele. Kijana akionekana anarudisha mbuzi watatu, beberu mmoja na majike wawili, hakuna mtu wa Ukambani anayehitaji kumuuliza chochote. Wangetoka, wangewatazama mbuzi, wangenipa maji kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo sikuiweza. Mashariki hapakuwa na mtu. Nikageuza punda mashariki. Mvua ilikuwa imeacha vidimbwi kila mahali, tukavifuata kimoja hadi kingine, mimi na punda na wale mbuzi, na katika nchi ile pana nililia kwa sauti kubwa, bila kujificha, jinsi mtoto anavyolia. Kilonzo alisimulia safari hiyo mpaka uzeeni, kwamba kijana wake alifika Tana kwa ujasiri mahali ambapo wengine waliogopa kukanyaga. Sikumsahihisha. Nilifika Tana kwa sababu nilikuwa nakimbia vigelegele.

Niliuona mto asubuhi moja, kwanza miti ya kijani, kisha maji yenyewe, mekundu na mengi, yakienda bila kuulizwa na mtu. Mzee mmoja Mwislamu, mfugaji, alikuwa akinywesha ng'ombe wake. Akanisalimu, akanipisha mahali pazuri pa kuteremka, akatazama punda, akatazama nilichokuwa nikisukuma. "Hawa mbuzi watatu," akasema, "ni wa nini?" Niligeuka nikawatazama. Alingoja kwa adabu. Hakuwa ananiuliza lolote jingine. Kule mtoni mbuzi watatu walikuwa mbuzi watatu tu.